Nyuzi Nyekundu Ndani ya Madigadi

Mara ya mwisho niliwaacha nimeketi na jozi ya leso mpya mapajani na neno moja mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa ndiyo. Nilikubali kuolewa na Zubeir, mwenye gereji, mtu mwenye mke na watoto walionipita umri, kwa sababu aliahidi kumtafutia kaka yangu wakili.

Kwa aliyechelewa kuungana nasi, nimweleze upesi.

Naitwa Kanze, kwetu ni Matsangoni. Baba alikutwa amekufa kwenye mikorosho kando ya barabara ya Kilifi, kichwa kimepasuka na mbavu zimevunjika. Jioni ile kaka yangu Kazungu alikuwa amegombana naye kwa ajili ya shamba ambalo Baba alitaka kuliuza. Waligombana kwa sauti, jirani wote wakisikia. Askari wakaja wakamchukua Kazungu. Sasa yuko rumande, na Jumatatu atasimama mbele ya jaji Mombasa. Aliyeua hunyongwa. Hilo hata mtu asiyesoma analijua.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Mbele za watu sauti yangu hufia kooni. Nilijua Kazungu hakuua, nilijua kama ninavyolijua jina langu, lakini sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu.

Na Zubeir ndiye aliyetupokea. Alifika matangani na gunia la mchele, mtu asiyetujua, akasema amesikia msiba wetu njiani. Akamwambia Mama, "Nasikia binti huyu ana mkono wa kushona. Nipe nikampe kazi Malindi, ashone viti vya magari." Watu wote wakamwombea dua.

Basi nilishona viti. Baadaye nikafundishwa kupiga msasa, kisha kukata bati bovu. Leo nawasimulia Alhamisi ambayo kukata bati kulinifikisha mahali ambapo sikutaka kufika.

Asubuhi ile Zubeir alivaa kanzu nyeupe aende Mambrui kumzika shangazi yake. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya pikapu moja, Pijo ya rangi ya maziwa, iliyoletwa jana yake jioni.

"Gari hili msiliguse," alisema. "Nitalifanya mwenyewe nikirudi."

Nikaitikia kwa kichwa. Dena, fundi wa kunyoosha bodi, akaitikia kwa mdomo. Dena huitikia kila kitu.

Zubeir hajafika mbali, akaingia mwenye gari. Alikuwa Mwambire wa Vitengeni, mnunuzi wa nazi, mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa akimtazama Dena.

"Mbona gari langu limelala?"

"Bosi amesema atalifanya mwenyewe, mzee."

"Bosi wako anazika, na mnunuzi wangu anatoka Mombasa, atakuwa hapa alasiri. Mimi ndiye mwenye gari au Zubeir ndiye? Puti imepasuka kwenye madigadi ya kushoto na kutu imeingia. Kwangua, jaza, paka rangi. Kazi ya mtoto hiyo."

Dena akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Haya mzee," akasema Dena. "Nenda kanywe chai, ukirudi utakuta tumeshafika mbali."

Mwambire akaenda zake. Dena akanirushia miwani ya kukatia.

"Leo utakata wewe, dada. Mkono wangu bado wauma kwa moto wa jana. Twaa grinda."

"Sitaki grinda."

"Nilijua. Bibi harusi aogopa kelele. Ukishaingia nyumbani kwa bosi utakata na nini, kijiko?"

Grinda sikuipenda tangu siku ile ilipokamata ncha ya leso yangu ikaizungusha, ikanivuta hadi pua yangu ikasimama shibiri moja kutoka kwenye jiwe lake. Kinachozunguka hakichagui. Kikipata uzi, kinameza nguo na aliyeivaa.

Nikaenda kuichukua Nyuki.

Nyuki ilikuwa mashine ya umeme iliyonunuliwa kwa Mwitaliano mmoja mtengeneza maboti, alipofungasha kurudi kwao. Haizunguki. Wembe wake, mfano wa nusu ya sarafu kubwa, unatetemeka tu kushoto na kulia, upesi mno hata jicho halioni, na mlio wake ni wa mzinga uliochokozwa. Siku ya kwanza Dena alinishika kiganja akakiweka juu ya ule wembe ukiwa unatetemeka. Nilifumba macho nikangoja damu. Nikasikia mtekenyo.

"Waona?" aliniambia siku hiyo. "Hii hukata kitu kigumu kisichotaka kusogea. Puti kavu, bati, mpira ulioshika kioo. Nyama laini huenda nayo na kurudi nayo. Ila usiiweke penye mfupa. Hapo ngozi imevutwa, haina pa kukimbilia."

Basi nikapiga magoti mbele ya madigadi ya ile Pijo, lile bati la juu ya gurudumu, nikawasha Nyuki, nikaanza kufuata ufa.

Puti, ule udongo mgumu wa kuzibia matundu ya bodi, ilikuwa nene kama ukuta. Jua likapanda, vumbi jeupe likanijaa nyusi. Nikakata upande wa juu, nikakata wa chini, nikachomeka bisibisi nikabetua. Kipande cha puti kikaanguka kizima, mfano wa kigae.

Nyuma yake palikuwa na tundu kubwa la bati lililochanika, na ndani ya tundu palikuwa na nguo.

"Dena, humu ndani kuna nguo."

"Itakuwa gunia. Tundu likiwa kubwa unajaza kitu nyuma, ndipo puti ipate pa kukaa. Mimi hutumia wavu wa waya. Bosi ni fundi wa zamani, chochote kikavu kilicho karibu anakishindilia."

"Si gunia."

Nguo ilikuwa imebanwa na meno ya bati. Nikayakata yale meno moja moja kwa Nyuki. Wembe ulipokuwa ukigusa nguo, nguo ilitetemeka nao tu, haikukatika. Ingekuwa grinda, ningetoa moshi na majivu.

Ikatoka. Ulikuwa mkono mzima wa shati la kaki, kuanzia begani, mgumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani. Kwenye kiwiko palikuwa na kiraka.

Kiraka kilishonwa kwa uzi mwekundu.

Mimi ndiye niliyekishona. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha nyumbani. Nilirudia mshono mara mbili na kufunga fundo kwa ndani, namna ninavyofunga hadi leo. Baba alilivaa shati akageuza kiwiko akakitazama, akacheka. "Mwanangu, umenitia alama kama mbuzi wa mnadani."

Nilitapika pale pale, juu ya magoti yangu.

"We, nini?" Dena akaja mbio. "Umevuta vumbi?"

"Shati la Baba."

"Lipi?"

"Hili. Ni shati la Baba alilokufa nalo. Alizikwa nalo likiwa limechanika mkono mmoja. Walisema ni fisi waliouchana."

Dena alikuwa mtu wa mzaha hata msibani. Mara ile nilimwona mdomo wake unatafuta mzaha, na usiupate.

"Nani alilitengeneza gari hili?" nikamuuliza.

"Bosi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Tulifika asubuhi tukakuta ameshalipaka rangi. Akatwambia twende tukapumzike." Akachuchumaa karibu nami. "Kanze, siku hiyo ndiyo tuliyosikia kuna maiti Matsangoni."

Niliubana ule mkono wa shati kifuani. Kazungu, nikasema moyoni. Kazungu, umepona. Baba aligongwa. Hakupigwa na mtu, aligongwa na gari, na gari hili hapa.

"Twende polisi," akasema Dena. "Sasa hivi, kabla..."

"Kabla ya nini?" akauliza Mwambire.

Alikuwa amesimama mlangoni na mswaki wa kijiti mdomoni. Akatazama madigadi iliyo wazi. Akatazama nilichoshika. Kijiti kikamwanguka.

"Lete hiyo takataka, binti."

"Si takataka." Sauti yangu ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri.

Dena akasimama katikati yetu. "Mzee, mwache msichana apite."

"Wewe wajua nani yuko nyuma yangu?"

"Sijui, mzee. Najua nani yuko nyuma yangu. Mwache apite."

Mwambire akainama kama anayeokota kijiti chake. Aliinuka na spana ya magurudumu. Alimpiga Dena ubavuni mwa kichwa mara moja, na ule mlio ulikuwa wa dafu linalopasuliwa. Dena alianguka bila kuweka mikono mbele. Akalala hivyo hivyo, damu ikimtoka sikioni.

Nilitaka kukimbia. Mwambire alinishika nywele, akanivuta hadi kwenye gari, akanigonga paji la uso juu ya boneti. Mara ya kwanza niliona weupe. Mara ya pili jino la mbele lilivunjika, nikalisikia likigonga ulimi.

"Lete."

Nikakaza mkono.

Nyuki nilikuwa sijaizima. Ilikuwa chini sakafuni, ikinguruma na kutambaa yenyewe. Mwambire aliiokota, akanilaza chali juu ya boneti, goti lake tumboni mwangu, akaniwekea ule wembe shingoni.

"Nitakuchinja kama kuku. Fungua mkono."

Mwili wangu ulitaka kurudi nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na bati. Wembe ulishuka ukafika kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, na pale ukauma. Ulikata ngozi ukafika mfupani, nikausikia mfupa wangu ukivuma hadi kwenye meno. Damu ya moto ikaniingia kwapani.

Nilikumbuka kiganja changu siku ile ya kwanza. Basi badala ya kukwepa nikasukuma. Nilimgeuzia shingo, ule upande laini, nikaikandamiza kwenye wembe kwa nguvu zangu zote.

Haikukata. Ilitetemeka na ngozi yangu, ikaichubua na kuiunguza, lakini haikukata.

Mwambire akakandamiza zaidi. Akangoja damu. Kisha akaiinua mashine kidogo na kuitazama, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu sokoni.

Hapo ndipo mkono wangu wa kulia ulipoipata nyundo ya kunyooshea bati, iliyolala pale kando ya kioo ilipoachwa na Dena.

Nilimpiga gotini. Goti likaenda upande ambao goti haliendi. Akaanguka, Nyuki ikaanguka juu yake, waya ukang'oka ukutani, na kukawa kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko mlio.

Akanyoosha mkono kuishika spana. Nikampiga vidoleni. Akauvuta mkono. Nikampiga tena begani, wala hakuwa na silaha. Nikampiga tena.

Niliahidi kuwaambia kweli tangu siku ya kwanza, basi nawaambia. Mapigo mawili ya kwanza yalikuwa ya kujiokoa. Yaliyofuata yalikuwa ya raha. Mimi niliyekuwa nikiomba radhi nikikanyagwa mguu, nilisikia raha.

"Ulimuua Baba," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka kubwa, nikaishangaa. "Ulimuua Baba na kaka yangu anakaribia kunyongwa kwa ajili yako."

"Si mimi niliyeshika usukani." Alikuwa analia, jitu zima. "Mungu ananiona, si mimi. Alinifungia breki mpya, akasema atalijaribu gari mpaka Kilifi na kurudi. Mimi nilikaa kando tu. Muulize yeye."

"Yeye nani?"

"Yeye anayekuoa."

Nyundo ilinilemea. Niliishusha.

Nilisikia mlango wa mabati ukifungwa, kisha komeo likiingia mahali pake. Zubeir alikuwa ndani. Kanzu yake ilikuwa na udongo wa kaburi kwenye pindo.

Alimtazama Dena aliyelala. Alimtazama Mwambire. Alitazama madigadi, kisha kifua changu kilichojaa damu, kisha mkono wangu uliofumba.

"Nilisema msiliguse," akasema taratibu.

"Mwambie," Mwambire akalia kutoka sakafuni. "Mwambie msichana nani alikuwa akiendesha. Sitafungwa kwa ajili yako, Zubeir."

Zubeir alimwendea, akalikanyaga lile goti lililovunjika, akasimama juu yake kwa uzito wake wote kama mtu anayejaribu ubao kama utahimili. Mwambire alipiga ukelele. Zubeir akampiga teke la mdomo, ukelele ukakatika.

"Kanze, binti yangu, umeumia," akasema. "Leta hicho kitambaa nikufunge kidonda."

Nilirudi nyuma mpaka nikafika kwenye meza ya rangi.

"Ulikuja matangani kwetu," nikasema. "Ulikula pamoja nasi. Ulimshika Mama mkono."

"Nilikuja kwa sababu usingizi ulinikataa. Nikaona nikulee wewe, labda usingizi utanirudia. Je, sikukulea? Nimewahi kukunyima kitu?"

"Na hiki? Kwa nini hukukichoma?"

Akatazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameaibika, tena si kwa kuua.

"Kilikuwa kimebanwa na bati," akasema. "Kulikuwa kunakucha, na gunia sina. Mkono wangu ukakikunja ukakishindilia mle mle, ukapaka puti. Miaka yote mkono wangu ndivyo unavyofanya, haukuniuliza. Nilipokumbuka, rangi imekauka na huyu mjinga ameshaondoka na gari lake. Kila nikimwita alilete, asema lina kazi."

Akapiga hatua. "Basi leta. Jumatatu wakili atasimama na Kazungu, nimeshamwona. Mimi na wewe tutafunga ndoa. Baba yako hatarudi, hata ukinifunga mimi."

"Kazungu atatoka leo," nikasema.

Akanirukia.

Zubeir ana mikono ya kunyoosha bati. Alinishika koo kwa mkono mmoja, nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Mkono wa pili ukaanza kuvuta lile shati, nami nikavuta, na kidonda cha mtulinga kikafunguka kama mdomo. Macho yangu yakaanza kuingia kiza. Mkono wangu ukapapasa juu ya meza, ukagusa bunduki ya rangi, ile tunayopulizia magari. Asubuhi niliisafisha, na ndani nilikuwa nimeacha thina, yale maji makali ya kuzimulia rangi. Mtungi wa upepo ulikuwa umejaa.

Nilimwelekezea usoni nikavuta kifyatulio, nikakishikilia hapo.

Hakupiga kelele mara moja. Alivuta pumzi kwanza, nadhani ndiyo iliyomwingiza thina kifuani. Kisha akaniachia, akajishika macho kwa mikono miwili, akaenda akigonga kila kitu, ndoo, meza, gari, akiita jina la mama yake. Akaanguka juu ya miguu ya Mwambire, na wote wawili wakalia pamoja.

Dena alikuwa akipumua. Niliona povu jekundu puani mwake likivimba na kunywea. "Naenda kuleta watu," nikamwambia, ingawa hakusikia.

Nikaenda mlangoni. Komeo lilikuwa zito, na mikono yangu iliteleza kwa damu.

"Kanze." Zubeir alikuwa amepiga magoti, uso umemvimba, anazungumza na ukuta akidhani ndimi. "Kanze, ngoja. Nilimgonga, nakiri. Lakini nilimwacha hai."

Nikaendelea kuvuta komeo.

"Alikuwa amekaa kando ya barabara, ameshikilia mkono wake. Anazungumza. Alikuwa akikuita wewe. Alisema, Kanze, madzi."

Nilisimama.

Zubeir ni mtu wa Malindi mjini. Kigiriama hasemi. Madzi ni maji kwa lugha yetu, na Baba hakuwahi kuyaomba kwa lugha nyingine, hata akiwa na wageni.

"Nilirudi garini kumtwalia maji," akasema. "Nilipogeuka, kijana mmoja alikuwa ametoka kwenye mikorosho na rungu. Amefanana nawe sura. Akaniambia, nenda zako, bwana, huyu ni wangu. Nikadhani ni mwanawe anataka kumpeleka nyumbani. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Nikawasha gari. Kwenye kioo nikamwona anainua lile rungu."

"Mwongo."

"Sikusimama. Hilo ndilo kosa langu, sikusimama. Lakini kichwa chake hakikupasuliwa na gari, Kanze. Madigadi ilimpiga mkono na mbavu tu. Muulize kaka yako."

"Mwongo wewe," nikasema tena. "Unajiokoa."

Nilimgeukia Mwambire. Alikuwa na kila sababu ya kumchukia Zubeir. Mdomo wake ulikuwa umepasuliwa kwa teke na meno yametawanyika kifuani mwake. Kama Zubeir angesema jua ni jua, Mwambire angekana.

Mwambire alitema damu.

"Hapo hasemi uongo," akasema. "Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliona."

Komeo likafunguka mkononi mwangu bila mimi kujua kama nililivuta.

Nje palikuwa na jua kali. Watu walinipisha njia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga mahamri aliniona akaacha mafuta yakaungua. Sikumsemesha mtu. Nilitembea tu, na nguo yangu ikinata miguuni, mpaka nikafika kituo cha polisi, kwa sababu ndiko miguu ilikokwisha kuambiwa iende kabla ya yote haya.

Ndani kulikuwa na askari mmoja, mtu mzima, anakunywa chai. Akasimama.

"Nani amekufanya hivi, mwanangu?"

"Gereji ya Zubeir," nikasema. "Kuna watu watatu chini. Mmoja aitwa Dena, hana hatia, anakufa. Wafikieni upesi."

Akapaza sauti, askari wawili wakatoka nyuma wakashika njia wakikimbia. Yeye akabaki nami. Akanivutia kiti. Sikukaa.

"Na hicho ulichoshika?"

Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa umefumba hivi kwamba kucha zimeingia kiganjani, na ncha ya kaki imetokeza kati ya vidole, na uzi mwekundu.

Nikimpa, Zubeir anaingia ndani. Na Zubeir akiingia ndani atasema yale yale mbele ya jaji, na Mwambire ataapa juu yake. Nisipompa, Kazungu anasimama Jumatatu mikono mitupu, na kama amesingiziwa, mimi ndiye niliyekuwa na cha kumwokoa nikakificha. Kazungu aliyenibeba mgongoni kuvuka matope nikienda shule. Kazungu aliyetoka nyumbani jioni ile akiwa na rungu, kama atokavyo kila mwanamume wa kwetu, nami sikuwahi kujiuliza alikwenda wapi.

"Mwanangu, umeleta nini?"

Nilifungua mdomo. Sauti yangu, iliyokuwa kubwa saa nzima ile, ilikuwa imekwisha.

Askari akazunguka meza. Akanishika kifundo cha mkono, akaanza kunifungua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.